Kisu cha kwanza cha porini: uliza habari za moto kabla ya bei

Kijana ameanza kupanda vilima vya Ngong au milima ya Uluguru. Amelala kwenye hema mara kadhaa, ameipenda hali hiyo, na sasa anataka kisu kilichotengenezwa kwa mkono. Akifungua simu anakutana na visu vyenye mawimbi kwenye ubapa, mipini ya pembe, na maneno mazito: chuma cha Damascus, mkia kamili, Rockwell 60. Bei nazo hazieleweki. Kimoja kinauzwa bei ya chakula cha mchana cha watu wawili, kingine bei ya simu nzuri, na kwa picha vinafanana. Akimuuliza muuzaji tofauti iko wapi, anajibiwa kwamba hiki ni kikali sana. Lakini kila kisu kipya ni kikali, hata cha plastiki cha kukatia keki, kwa hiyo jibu hilo halimsaidii.

Tuanze na maana. Ufundi wa porini ni ustadi wa kukaa na kufanya kazi msituni kwa vifaa vichache: kuwasha moto, kuchonga vigingi vya hema, kutengeneza kijiko au ndoano ya kutundikia sufuria, kusafisha samaki, kukata kamba. Kupigana hakumo kwenye orodha hiyo, na hata kuwinda si sehemu yake kubwa. Kisu cha kazi hii kwanza kabisa ni kifaa cha kuchongea mti, na mengi utakayosoma hapa yanatokana na hilo.

Kisu cha mkono nacho ni kile ambacho fundi mmoja, au karakana ndogo, amekitengeneza tangu kipande cha chuma hadi ala. Zipo njia mbili. Ya kwanza ni kufua: chuma kinapashwa moto hadi kiwe chekundu, kinagongwa kwa nyundo juu ya fuawe mpaka kipate umbo. Ya pili ni kukata umbo la kisu kwenye bapa la chuma, kisha kusaga kwa mashine hadi makali yatokee. Watu wengi huamini kwamba kisu kilichofuliwa lazima kiwe imara zaidi, kana kwamba nyundo inaongeza nguvu. Kwa vyuma vya kisasa vinavyotoka kiwandani vikiwa safi, imani hiyo haina msingi. Kufua kunaokoa chuma na kunampa fundi uhuru wa umbo, lakini ubora wa kisu unaamuliwa baadaye, kwenye hatua ambayo haionekani kwenye picha hata moja. Tutaifikia.

Kwanza tuzungumzie ukubwa, maana hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Video nyingi za ufundi wa porini zimepigwa Canada, Sweden au Uingereza. Mtu anachukua kisu kinene, anakiweka juu ya kipande cha gogo, anakigonga mgongoni kwa rungu mpaka kuni zinapasuka. Mtazamaji wa Morogoro anahitimisha kwamba bila kisu kinene cha milimita sita hawezi kuingia msituni. Anasahau kwamba nyumbani kwao kuna panga. Kazi zote nzito ambazo kisu hicho kinajaribu kuzifanya, panga la kawaida linazifanya kwa haraka na kwa bei ndogo: kupasua kuni, kufyeka njia, kukata nguzo. Hata hao watu wa Skandinavia, ambao ufundi huu umetoka kwao kwa sehemu kubwa, kisu chao cha asili ni kidogo. Kile cha Finland kiitwacho puukko huwa na ubapa unaokaribiana urefu na mpini, sentimita 10 hivi, na mwenye nacho hubeba shoka kwa kazi kubwa.

Kwa hiyo kisu chako cha kwanza ni mwenzake panga, wala hakiji kushindana nalo. Ubapa wa sentimita 9 hadi 11 unatosha. Unene wa mgongo uwe kati ya milimita 2.5 na 3.5, milimita 4 ndiyo mwisho. Kisu kinene zaidi ya hapo kinapasua vizuri lakini kinachonga vibaya, kwa sababu kila kinapoingia kwenye mti kinausukuma pembeni badala ya kuukata. Jaribu kumenya embe kwa kisu kama hicho utaelewa. Na si kweli kwamba unene peke yake unakinga kisu kisivunjike. Kisu kinene kilichoharibiwa kwenye moto hukatika mara moja, na chembamba kilichopikwa vizuri hupinda kidogo kikarudi.

Sasa tuje kwenye chuma. Kinachotofautisha chuma cha kisu na nondo ya kujengea ni kaboni. Nondo na mabati ya kawaida yana kaboni kidogo mno, na hata ukiyachoma na kuyazamisha mara mia hayatakuwa magumu kiasi cha kushika makali ya kuchongea mti. Chuma cha kisu huhitaji kaboni ya kuanzia karibu asilimia 0.6, na vingi huwa karibu na asilimia 1. Ndiyo maana mafundi wetu hupenda springi za magari, zile bapa za malori na Land Rover za zamani: kwa kawaida zina kaboni ya kama asilimia 0.6 na kromi kidogo, zinavumilia kugongwa, na zinapatikana kwa wauza vyuma chakavu kila mji. Tupa kuukuu nazo zina kaboni nyingi zaidi. Lakini si tupa zote. Nyingine za siku hizi ni ngumu kwa nje tu na ndani ni laini.

Springi iliyotumika ina hila yake. Imepigwa na barabara kwa miaka, na inaweza kuwa na nyufa ndogo ambazo jicho halizioni mpaka kisu kimekamilika. Fundi makini huchagua sehemu isiyo na matundu wala alama za uchovu, au hununua chuma kipya chenye jina. Akikuambia anatumia kipya na anajua jina lake, mshukuru na ukubali bei ipande kidogo.

Upande wa pili upo chuma kisichoshika kutu, ambacho kina kromi ya asilimia 10.5 au zaidi. Kukikaza, yaani kukifanya kigumu kwa moto, kunahitaji joto kubwa zaidi na linalodhibitiwa vizuri, hivyo fundi wa mkaa hawezi kukipika sawasawa bila tanuri la umeme lenye kipimo. Anayekuuzia kisu cha aina hii mwulize kimepikiwa wapi. Chuma cha kaboni kitashika kutu ukikizembea, hilo halina ubishi, lakini kinanoleka upesi kwenye jiwe la kawaida, na kikitumiwa jikoni kwa muda kinaota rangi ya kijivu inayopunguza kutu nyekundu. Rangi hiyo si uchafu. Usiisugue kwa steelwool kila jioni. Mkazi wa Lamu au Tanga anayekaa na chumvi hewani, au mvuvi, ana sababu nzuri ya kupendelea kisichoshika kutu. Mpanda milima wa Arusha hana haja hiyo.

Tumefika kwenye ile hatua isiyoonekana. Kisu kikishapata umbo, kabla ya kutiwa mpini, hupikwa mara mbili. Mara ya kwanza ni ya kukikaza: kinapashwa hadi zaidi ya nyuzi 800 za Selsiasi, kisha kinazamishwa ghafla, kwa kawaida kwenye mafuta yaliyopashwa kidogo. Fundi asiye na kipimo hutumia sumaku, kwani chuma huacha kuvutwa na sumaku kikifika karibu nyuzi 770. Hapo anaongeza moto kidogo tu, halafu anazamisha. Kikitoka kwenye mafuta kimekuwa kigumu sana, ila hakina ustahimilivu. Kikianguka sakafuni kinaweza kukatika. Kwa hiyo kinapikwa tena kwa moto mdogo, karibu nyuzi 200, kwa saa moja au mbili, na mafundi wengi hurudia. Ugumu unashuka kidogo, ustahimilivu unapanda sana.

Chukua mama ntilie wawili wanaotumia unga wa pakiti moja: chapati za huyu zinakunjika, za yule zinavunjika, na hakuna atakayelaumu unga. Chuma ni hivyo hivyo. Springi ya Land Rover mikononi mwa fundi anayeujua moto inatoa kisu kizuri kuliko chuma ghali cha Ulaya kilichoharakishwa.

Makosa ya hatua hii yanajulikana. Fundi anaweza kuruka upishi wa pili kabisa, kwa sababu unachukua muda na mteja hauoni. Kisu cha namna hiyo hukata nywele siku ya kwanza, na siku ya pili kina mapengo. Mwingine huzamisha springi kwenye maji baridi kwa kuwa ndivyo alivyorithi; maji hupoza haraka mno kwa chuma hiki, na ufa unaingia, wakati mwingine ufa mwembamba kama unywele. Zipo pia hadithi za kuzamisha kwenye mkojo au damu ya mbuzi ili kisu kipate nguvu. Chuma hakijui tofauti hiyo, kinachokihusu ni kasi ya kupoa tu. Kosa linalonikera zaidi ni la grenda. Kisu kimeshapikwa vizuri, kisha fundi anakinoa kwa mashine kavu kwa pupa mpaka karibu na makali panatokea rangi ya buluu. Rangi hiyo ni ushahidi kwamba pale joto lilikaribia nyuzi 300, na ugumu uliotafutwa kwa saa nyingi umeondoka kwa sekunde chache. Wapo wanaoiuza kama pambo.

Zile namba za Rockwell ndizo zinapima ugumu huu. Kwa kisu cha porini, 57 hadi 60 ni eneo zuri. Chini ya hapo makali yanalala upesi, juu sana yanameguka na kunoa kunakuwa adhabu. Namba kubwa si sifa yenyewe, na fundi asiye na mashine ya kupimia anayekuandikia 62 anakisia.

Na kama kuna anayefikiri ujuzi wa moto ni wa kuletwa na meli, akumbuke Kagera. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha matokeo ya kazi yao upande wa magharibi wa Ziwa Viktoria: wazee wa Kihaya walijenga upya tanuri la kuyeyushia chuma kwa kumbukumbu zao, wakapata chuma chenye kaboni, na uchimbaji ulionyesha kwamba matanuri ya eneo lile yana historia ya kama miaka 1,500 hadi 2,000. Upareni nako ukoo wa Washana ulijulikana kwa uhunzi tangu zamani. Fundi wa kijijini kwenu huenda hana kipimo cha umeme, lakini usimdharau kabla ya kumsikiliza.

Hapo ndipo pa kulizungumzia lile jina la Damascus. Visu vinavyouzwa leo kwa jina hilo vina tabaka za vyuma viwili vilivyounganishwa kwa moto na nyundo, vikakunjwa na kugongwa tena, kisha vikatiwa asidi ili tabaka zionekane kama mawimbi. Ni kazi ya ustadi mkubwa ikifanywa na mtu anayejua. Haikifanyi kisu kuwa imara kuliko cha chuma kimoja kizuri kilichopikwa sawasawa, na kila tabaka ni nafasi nyingine ya kuungana vibaya. Ile sifa ya kale ya panga za Damascus ilitokana na chuma cha namna nyingine, kilichoyeyushwa kwenye vyungu huko India na Sri Lanka, wala si mawimbi haya. Cha bei rahisi chenye mawimbi mazuri mara nyingi kimetengenezwa kwa wingi, na hakuna anayeweza kukwambia ndani yake mna vyuma gani. Ukikipenda kwa urembo kinunue, ukitundike ukutani. Kama kisu cha kwanza, kipite.

Umbo la makali lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Ukikikata kisu kwa mawazo upande hadi upande na kukitazama, utaona jinsi ubapa unavyoteremka kuelekea makali. Kisu cha Skandinavia kina mteremko mmoja mpana kila upande unaokwenda moja kwa moja hadi makali. Kizuri chake kwa anayeanza ni kwamba mteremko wenyewe unakaa bapa kwenye kinoo: unaulaza, unausukuma, hukisii pembe. Kwenye kuchonga mti kinashika na kufuata mkono. Ubaya wake ni kwamba ukikata kitunguu kinakipasua, na ukigonga mfupa makali yanapata pengo. Visu vingine vimesagwa bapa kutoka mgongoni hadi karibu na makali, kisha vikatiwa mteremko wa pili mdogo sana. Hivi ni bora jikoni na vinatosha kwa mti. Mwisho ni makali ya mbinuko, yenye tumbo, kama ya shoka: imara, ila kuyanoa kunadai uzoefu. Kama mti ndio kazi yako kuu, chukua cha Skandinavia. Kama unajua kabisa kwamba kisu kitapika zaidi ya kuchonga, na kwa wapiga kambi wengi ukweli ni huo, chukua kile bapa.

Mgongo wa kisu uachwe na kona kali za mraba. Kona hizo ndizo zinakwangua kijiti cha chuma cha kutolea cheche za kuwashia moto, na zinakwaruza magome kupata nyuzi za kuwashia, bila kuharibu makali. Kuhusu ncha, iwe ya kawaida, imeshuka kidogo kufikia katikati ya ubapa. Msumeno mgongoni hauna kazi.

Sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini tuiite mkia. Mkia kamili una upana na urefu wa mpini wote, na ukiutazama mpini kwa juu unauona chuma katikati ya vipande viwili vya mti. Ni imara, na mnunuzi anaweza kuuona kwa macho, ndiyo maana wauzaji huupigia debe. Lakini wanaosema kisu bila mkia kamili ni takataka wamezidisha. Puukko ina mkia mwembamba uliojificha na imefanya kazi kwenye baridi kali kwa vizazi. Mkia uliojificha unafanya kisu kuwa chepesi. Tatizo lake ni la uaminifu: huwezi kuona kama ndani umefika mwisho wa mpini au umekatwa baada ya sentimita tatu na kujazwa gundi. Ukinunua kwa mtu usiyemjua, mkia kamili unakuondolea shaka hiyo.

Mpini wenyewe ndio unaogusa mwili wako, na hapa kisu cha mkono kinakishinda cha kiwandani, kwani fundi anaweza kuupima mkono wako. Uwe wa mviringo uliobanwa kidogo, kama yai ukiutazama kutoka mwishoni, ili ujue makali yameelekea wapi hata gizani. Usikubali mashimo ya vidole. Yanalazimisha mkono kukaa sehemu moja, na kuchonga kunataka kubadilisha mshiko kila mara. Mpingo ni mzuri na mzito, hata majini unazama, ila hukifanya kisu kidogo kuelemea nyuma. Mninga ni mwepesi zaidi na unatulia haraka, haucheziwi sana na unyevu. Pembe ya ng'ombe inapendeza lakini inajikunja ikikauka. Kwa mikono yenye jasho, mti uliosuguliwa kwa mafuta unashika kuliko uliopakwa vanishi inayong'aa.

Ukienda kwa fundi, usianze na bei. Mwulize chuma ni gani, amekizamisha kwenye nini, na baada ya kukizamisha alifanya nini. Fundi anayejua atakuelezea kwa furaha, pengine zaidi ya ulivyotaka. Anayekwepa, au anayesema ni siri ya ukoo, mwage na uondoke. Kisha omba kufanya jaribio la tupa: pitisha tupa mpya polepole kwenye makali, kwa uzito mdogo. Ikiteleza, chuma kimekazwa. Ikiuma na kutoa unga, ni laini. Tazama makali kwa kuyaelekeza jichoni mbele ya mwanga, yawe yamenyooka, na miteremko ya pande mbili iwe sawa. Pitisha ukucha palipokutana mpini na chuma. Nafasi pale ni mlango wa maji. Mwisho chukua kijiti kikavu, chonga nyuzi nyembamba ndefu zisizokatika, kwa dakika kumi. Kiganja kikianza kuuma sehemu moja, mpini una kona inayohitaji kuondolewa, na fundi mzuri ataisugua kwa msasa pale pale. Ukiagiza kwa mtandao huna nafasi hii, kwa hiyo omba picha za kabla ya kung'arishwa, na makubaliano ya kurudisha.

Kuna swali ambalo mafundi hawatapenda niliulize: je, unahitaji kweli kisu cha mkono? Mji wa Mora huko Sweden unatengeneza visu vya kiwandani tangu karne ya 19, vyenye ubapa wa kama sentimita 10, mteremko wa Skandinavia, mpini wa plastiki na bei ya chini. Havina uzuri wowote wa kusifia, na vinafanya kazi yote iliyotajwa hapa. Mimi navichukulia kama kipimo. Kisu cha mkono kinachoshindwa na cha Mora kwenye kijiti kikavu hakistahili bei yake, hata mpini uwe wa mpingo wa Kilwa. Kinachokishinda, na chenye fundi unayeweza kumrudia kikipata pengo, kinastahili kila shilingi.

Ala isisahaulike kwenye hesabu. Ya ngozi nene, yenye ukanda wa ngozi uliotiwa kati ya pande mbili pale makali yanapolala ili yasikate uzi. Ukiigeuza juu chini na kuitikisa, kisu kisitoke. Lakini usikihifadhi kisu cha kaboni ndani yake nyumbani, hasa pwani: ngozi inashika unyevu na chumvi, na baada ya msimu mmoja wa masika utakikuta kimevaa madoa. Kifute, kipake mafuta kidogo, kikae nje ya ala. Cha kunolea usinunue ghali. Msasa wa maji wa namba 400, 1000 na 2000 uliobandikwa juu ya kipande cha kioo unafanya kazi safi, na mkanda mkuukuu wa ngozi unamalizia. Noa mapema, kabla hakijawa butu, kwa sababu kisu butu hulazimisha mkono kusukuma kwa nguvu, na mkono unaosukuma kwa nguvu ndio unaoteleza.

Njiani kisu kikae ndani ya begi, chini ya nguo, si kiunoni. Askari wa kizuizi cha barabarani ataelewa habari ya hema na sufuria kama vyote viko pamoja. Kwenye ndege hakiingii na mzigo wa mkononi hata kidogo. Na ndugu walio Uingereza wajue kwamba kule kisu pekee kinachobebwa hadharani bila sababu maalumu ni cha kukunjwa ambacho ubapa wake haujikazi na kufuli ukikunjuliwa, wenye makali yasiyozidi inchi 3. Cha aina tuliyoieleza hapa kinahitaji sababu halali siku hiyo hiyo unayokibeba, na kwenda kambini wikendi ijayo haihesabiki.